Hesabu ya Jioni

Mpwa wangu, ulipokuja Jumapili ile ukaniambia umepata kazi kwenye mradi wa vijana wanaotoka magerezani na wale wanaojitoa kwenye magenge, halafu ukaniuliza, "Mjomba, tuwafundishe ufundi gani kwanza?", nilikujibu kwa mkato, maana wageni walikuwa wengi na pilau ilikuwa inapoa. Sasa nimetulia, acha nikujibu ipasavyo. Swali lako si baya, ila hapo sipo pa kuanzia. Katika miaka yangu ya useremala nimefanya kazi na watu 11 waliotoka kifungoni, na hakuna hata mmoja aliyeshindwa kwa kutojua kazi. Wapo walionipita mimi mwenyewe kwa mikono. Walioshindwa walishindwa kwa mambo mengine, madogo ukiyasikia, na mojawapo lilitoka kwangu.

Karakana yangu ilikuwa Keko, Dar es Salaam, si mbali na ukuta wa gereza. Keko unayoijua wewe ni ya sofa zilizovalishwa nailoni na vitanda vilivyopangwa hadi barabarani. Mwaka 1986 tulikuwa mafundi sita chini ya bati moja, kila mtu na benchi lake, na harufu ya pale ningeitambua hata nikifumbwa macho: vumbi la mninga lenye utamu unaokwama kooni, polishi ya spiriti, na gundi ya moto tuliyoichemsha kopo ndani ya kopo, ikanuka kama kwato zinazoungua. Pembeni alikaa mama mmoja wa Kizaramo akikaanga maandazi, mawili kwa shilingi 5, na mafuta yalipopanda bei maandazi yalipungua unene bila yeye kusema neno. Kila asubuhi karandinga lilitoka gerezani kupeleka mahabusu mahakamani Kisutu. Vidole vilijitokeza kwenye wavu, na mara nyingine kilidondoka kikaratasi cha pakiti ya sigara kilichoandikwa jina la mtu na mtaa wake: nendeni mkawaambie niko hapa. Vijana wangu walikuwa wakiviokota. Vingine tulivifikisha, vingine vilikaa kwenye kopo la misumari hadi maandishi yakafutika, na hilo linanisumbua hadi leo.

Zilikuwa siku za mpito. Mwalimu alikuwa ameng'atuka Novemba ya mwaka uliotangulia na Mzee Mwinyi ndiye Rais. Bidhaa zilianza kurudi madukani, lakini kwa bei ambazo mishahara yetu haikuzijua. Tulikuwa tumetoka kwenye foleni za sabuni na unga, kwenye msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983 Sokoine akiwa Waziri Mkuu, na kwenye Sheria ya Nguvukazi ya mwaka huo huo, iliyomtaka kila mtu wa mjini aonyeshe kazi anayoifanya. Asiye na cha kuonyesha aliweza kuokotwa mtaani akapelekwa kijijini kulima. Msako ulikuwa umepoa, ila hofu ilibaki. Mtu aliyefunguliwa asubuhi, hana kazi, hana barua, hana chumba, jioni yake alikwishakuwa mzururaji.

Ndipo Mei ya mwaka ule akaja mtu mmoja. Sitakutajia jina lake, kwa kuwa watoto wake wanajua baba yao ni fundi na hilo linawatosha. Alikuwa mrefu, mkavu, kichwa kimenyolewa kipara, na mkononi ana mfuko wa saruji uliokunjwa vizuri kama barua. Shati alilovaa ndilo alilokamatwa nalo. Lilikaa stoo ya jela miaka minne na miezi minane na mikunjo yake ilikataa kunyooka. Alihukumiwa miaka saba kwa kuvunja ghala Kariakoo, akapunguziwa theluthi kwa tabia njema kama sheria ya magereza inavyoruhusu. Useremala aliujulia Ukonga. Usidharau ufundi wa jela, mpwa wangu. Jeshi la Magereza lilikuwa na karakana za maana, na tangu mwaka 1974 likawa na shirika lake la uzalishaji: Karanga kule Moshi walishona viatu, Ruanda Mbeya palikuwa na chuo cha ufundi, Ukonga walitengeneza samani. Ofisi nyingi za serikali zilikalia viti vilivyotoka mikononi mwa wafungwa, na wakubwa waliovikalia hawakuwahi kuuliza kiti kimetoka wapi.

Nilimpa kipande cha mninga nikamwambia anitolee kiungo cha ulimi na tundu. Nilimpa patasi mbovu makusudi. Aliitazama makali yake kwenye mwanga, akaomba jiwe la kunolea, akanoa kwa muda ambao mimi nilianza kuudhika, kisha akachora mistari kwa kisu badala ya penseli. Alipomaliza, ulimi uliingia tunduni kwa kusukumwa na kiganja, bila nyundo, na nilipojaribu kuuchomoa ukagoma. Nikamuuliza kama ana cheti. Akasita. Kisha akakitoa mfuko wa ndani, kimefungwa kwenye karatasi ya nailoni: majaribio ya ufundi, daraja la pili. Mimi mwenyewe, niliyefanya majaribio yangu Chang'ombe kwa kiburi chote cha ujana, nilikuwa na daraja la tatu. "Mbona hukukitoa mapema?" Akasema, "Nikikitoa, bosi, wananiuliza nilifundishwa wapi." Alikuwa amezunguka karakana nne kabla ya kwangu.

Jioni ile ya kwanza ndipo nilipoona kitu nilichokuja kukielewa baadaye. Saa kumi na moja wenzake walitupa vifaa sandukuni wakaenda zao. Yeye alikusanya patasi zote, akazipanga kwenye benchi kwa ukubwa, robo inchi hadi inchi moja na nusu, kisha misumeno, kisha randa, akafagia maranda, akasimama wima kando ya benchi mikono nyuma. Nikadhani anangoja pesa. Nikampa. Akazipokea na bado akasimama. Mwisho akaniambia kwa sauti ya chini, "Hujahesabu." Jela, kila chombo chenye ncha huhesabiwa kinapotoka na kinaporudi, na hesabu isipotimia hakuna anayetoka karakanani. Ikabidi nihesabu mbele yake, moja, mbili, tatu, hadi keekee ya mwisho. Nilipomaliza akasema, "Sawa, afande," akashtuka kwa neno lililomponyoka, akaondoka haraka. Tukaendelea hivyo kila jioni. Vijana walicheka wiki ya kwanza, ya pili wakazoea, na kufikia mwezi wa tatu karakana yangu ndiyo pekee pale Keko ambayo haikupoteza vifaa.

Isipokuwa mara moja. Jioni moja ya Agosti patasi ya nusu inchi haikuonekana. Tulitafuta chini ya mabenchi, ndani ya maranda, hadi kwenye mtaro. Nami, mpwa wangu, nilisema neno. Sikumtaja mtu, nilisema tu kwamba vifaa vyangu havikuwahi kupotea kabla watu hawajaongezeka. Kila mmoja pale alijua nani aliongezeka. Nilitegemea akasirike, au aondoke asirudi, na nadhani ndani ya moyo wangu nilikuwa nimeshamhukumu. Yeye aliketi kwenye kigogo karibu na mlango akasema hatoki hadi hesabu itimie. Tulimsihi. Giza likaingia, mbu wa Keko unawajua, wote tukaenda nyumbani tukamwacha pale. Asubuhi nilimkuta ameketi vilevile, umande kwenye mabega. Saa nne akaja mteja wangu wa Temeke, ambaye jana yake tulimpelekea kabati kwa mkokoteni, na patasi mkononi. Niliisahau mwenyewe ndani ya droo nilipokuwa nikirekebisha kufuli. Niliomba radhi mbele ya watu wote, kwa sababu neno lenyewe nililisema mbele ya watu wote. Aliitikia kwa kichwa, akaipokea ile patasi, akaiweka mahali pake kwenye mstari.

Kilichomtuliza mtu yule Dar es Salaam hakikuwa ufundi, maana huo alikuja nao. Kwanza ilikuwa barua. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa mzee wa Kindengereko, mvaa kofia ya kiua, macho yameanza kuingia ukungu. Nilimpeleka kwake. Akaniuliza mimi, bila kumtazama yeye, "Unamjua?" Nikasema namjua kwa wiki tatu. "Akiiba?" Nikasema, "Njoo kwangu." Akanyamaza kitambo, akamtuma mjukuu daftari na kalamu, akaandika kwa mkono unaotetemeka kwamba mtu huyu ni mkazi wa mtaa wangu na anafanya kazi kwa fulani. Mistari mitatu tu. Kwa mistari ile akapata chumba Chang'ombe, akapata kitambulisho, na askari wa doria walipomsimamisha usiku alikuwa na kitu cha kutoa mfukoni. Cheti cha daraja la pili kilimzungusha mji mzima na hakikumpa hata kimoja kati ya hivyo.

Pili ilikuwa malipo. Mafundi wote walipokea Jumamosi. Yeye aliniomba nimlipe kila jioni, shilingi 60, baada ya hesabu. Niliona ni usumbufu, nikamuuliza kwa nini. Akanieleza polepole, kama mtu anayemfafanulia mtoto. Mwenye nyumba hadai leo, alisema, na mwenye duka hamkopeshi mgeni. Sahani ya ugali na maharage kwa mama ntilie ni shilingi 15 na inaliwa leo. Na wale waliomjua zamani hawangoji Jumamosi. Wao wana pesa leo, na wanajua njia ya kwako kabla hujajua wewe. "Bosi," alisema, "siku saba za kwanza ndizo kifungo chenyewe." Nilimlipa kila jioni kwa mwaka mzima. Sikuelewa uzito wa maneno yale hadi mwaka 1991, na niliyaelewa kwa gharama ya mtu mwingine.

Kijana huyo wa pili alikuwa na miaka 19. Alikulia Manzese, akaingia kwenye kundi lililokuwa likipora watu usiku na kuvunja maduka, akafungwa, akapelekwa gereza la vijana la Wami. Jino lake la mbele lilimeguka, kwa hiyo akicheka aliziba mdomo kwa kiganja, kama msichana. Kazi yake ilikuwa polishi. Alikuwa na jicho la kuona nyuzi za mbao. Angechukua ubao wa mninga uliokuwa umelala tu, akausugua kwa kitambaa kwa miduara midogo midogo, na nyekundu ya ndani ikapanda taratibu kama chai inavyopanda kwenye maji ya moto. Wateja walipitisha vidole juu ya meza zake kabla hata ya kuuliza bei.

Wenzake walimfuata siku ya tatu. Hawakuja kwa shari, na hilo ndilo lililonitia hofu. Walikuwa wawili, jinzi mpya, viatu vyeupe. Wakanisalimu shikamoo kwa adabu zote, wakavuka barabara, wakasimama kwenye kivuli wakimenya machungwa. Saa ya chakula wakamwita pembeni, wakaongea kidogo, wakaondoka, na mkononi mwake ilibaki noti ya shilingi 1,000, "ya chai". Mimi nilikuwa nikimlipa 250 kwa siku. Jioni aliniuliza aifanyeje. Nikamwambia airudishe. Aliirudisha, nami nilimwona kwa macho yangu akivuka barabara kuirudisha. Wiki iliyofuata wakaja tena, akarudisha tena.

Wiki ya tatu nilikuwa nimemaliza meza 20 za ofisi moja mjini. Mbao nilinunua kwa pesa zangu zote, na malipo yakawa njoo kesho. Nilikwenda Jumatatu, nikaenda Jumanne, karani mwenye kusaini yuko safari. Jumatano nikawakusanya vijana nikawaambia wavumilie, pesa zipo njiani. Walivumilia. Mmoja mke wake aliuza vitumbua, mwingine alikuwa na daftari la deni kwa Mpemba wa dukani, wa tatu alikula kwa dada yake. Yule wa Manzese alisema, "Sawa, mzee," akaziba mdomo akicheka. Sikumuuliza usiku ule angekula wapi. Alhamisi alikuja, akafanya kazi kutwa nzima, akahesabu vifaa na wenzake, akaondoka mikono mitupu kwa siku ya nne. Ijumaa hakuja. Hundi ilitoka Jumanne iliyofuata.

Baada ya siku chache tukasikia. Walivunja duka, wenye duka wakaamka, wenzake wakakimbia kwa sababu walikuwa na mazoea ya kukimbia, yeye akashikwa na wananchi. Unajua mji huu unavyomfanya mtu aliyepigiwa kelele za mwizi. Palikuwa na tairi na palikuwa na mafuta ya taa, sitaeleza zaidi. Nilikwenda Manzese na bahasha yenye shilingi 1,000, malipo yake ya siku nne. Ndiyo, ilikuwa sawasawa na noti ile ya wenzake. Mama yake alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Nilimweleza mimi ni nani na pesa ni za nini. Hakuzihesabu. Alizisukuma chini ya mkeka, akaniletea maji ya kunywa kwenye kikombe cha bati, akaendelea kuchambua mchele, nami nikaketi pale hadi alipomaliza ungo mzima kwa sababu sikujua jinsi ya kuinuka.

Tangu hapo nikawa na kopo la maziwa ya unga lililotobolewa mfuniko, la malipo ya waliotoka kifungoni tu. Kila kazi niliyoiuza, kitu kiliingia mle kwanza. Nilipolazimika kukopa, nilikopa; kama mteja amechelewa, amechelewa kwangu, hakuchelewa kwao. Mgeni aliyetoka kifungoni alilala karakanani wiki ya kwanza, na mmoja wa wazee wa kazi alilala naye. Baada ya miezi miwili nilimkabidhi sanduku la vifaa, akawa analilipia kidogo kidogo, kwa kuwa randa moja tu ya chuma ilimeza zaidi ya mshahara wa mwezi, na fundi asiye na vifaa vyake hubaki kibarua wa watu. Siku anayomaliza deni huondoka na sanduku lake akitaka. Wengi walitaka. Kati ya wale 11, saba walibaki kwenye ufundi, wawili walirudi jela, mmoja sijui alikoishia, na mmoja nimekwisha kukueleza habari zake.

Ulinionyesha kwenye simu yako yule padri wa Los Angeles, Greg Boyle, Mjesuiti, aliyefungua tanuri la mikate mwaka 1992 kwa vijana wa magenge, wakakanda unga bega kwa bega na waliokuwa wakitafutana kwa risasi. Nilitazama yote ingawa Kiingereza chao kinakimbia. Kilichonigusa ni kwamba kijana hukaa pale miezi 18, na muda wote huo anajifunza huku analipwa. Wanamfutia na chale za genge bila malipo, ili uso wake usimtangulie mlangoni. Padri yule ameelewa alichoniambia mtu wangu wa Ukonga kando ya benchi. Sisi hapa tuna VETA tangu sheria ya mwaka 1994, na vyuo vyake ni vizuri, nimewapeleka wanangu. Ila chuo hufunza mchana, na kijana wako ana usiku pia.

Najua kazi yako haitapendwa. Mwaka 2022, vijana wa Panya Road walipokuwa wakiingia majumbani na mapanga, nilipanda daladala kutoka Mbagala na basi zima lilikubaliana kwamba wauawe tu. Mama mmoja alikuwa amejeruhiwa mwanawe, na sikuwa na neno la kumwambia mama yule; maumivu yake yalikuwa ya haki. Lakini nilitazama picha za wale vijana kwenye simu ya jirani yangu, na mmoja wao alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Nilishuka kituo kimoja kabla ya changu.

Basi, njoo Jumamosi na gari lenye nafasi nyuma. Chini ya kitanda changu kuna masanduku mawili ya vifaa, la tatu liko kwa shangazi yako juu ya dari. Patasi ya nusu inchi ni ile ile ya Temeke, mpini wake umepasuka, uufanyie mpya wa mkwaju kabla hujampa mtu. Misumeno inataka kunolewa, na pale Keko yupo mzee anayenoa vizuri, mwambie umetoka kwangu. Ndani ya mfuniko wa kila sanduku nimeandika idadi ya vifaa vilivyomo. Uhesabu mwenyewe kabla hujaondoka.